Rufaa Bila Duka ni Rufaa ya Nini?

Sheria ya Kenya yampa mpangaji aliyeshindwa kesi haki ya kukata rufaa. Sheria hiyo hiyo yampa mwenye nyumba ruhusa ya kumtoa nje kabla rufaa haijasikizwa. Mambo haya mawili yamekaa pamoja katika vitabu vyetu kwa miaka mingi kana kwamba hayana ugomvi. Sisi twasema yana ugomvi, na twasema hivyo tukiwatazama wafanyabiashara wa Salgaa, ambao wengi wao hawamiliki hata shubiri moja ya ardhi wanayoifanyia kazi.

Salgaa haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Bonde la Ufa. Atokaye Nakuru kwenda Eldoret huipita kabla ya kuanza kuupanda mlima wa kuelekea Sachangwan na Mau Summit. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba, Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo hutua hapo. Madereva na mataniboi wao hula, huoga, hunyolewa, huziba pancha, hununua vocha na kulala. Walio mbali hulijua jina la Salgaa kwa misiba ya barabara ile: moto wa lori la mafuta uliowaangamiza watu zaidi ya 100 Sachangwan mwaka 2009, na ajali ya alfajiri ya 31 Desemba 2017 pale Migaa iliyoua watu 36. Sisi twaijua kwa jambo jingine pia. Ni mji wa wapangaji. Mwenye hoteli amepanga, kinyozi amepanga, muuza spea amepanga, na hata mwenye nyumba ya kulala wageni, ambaye mgeni humdhania kuwa tajiri wa mtaa, mara nyingi naye hulipa kodi kwa mtu mwingine aishiye Nakuru au Nairobi.

Huenda msomaji akauliza jarida la mageuzi lina haja gani na kodi ya duka. Twamjibu hivi. Waliodai kifungu cha 2A kifutwe, nacho kikafutwa Desemba 1991, hawakutaka tu karatasi ya kura yenye majina mengi. Walitaka mwananchi awe na pa kukimbilia anapodhulumiwa. Ndiyo sababu walilalamika mwaka 1988, Bunge lilipoibadilisha Katiba na kuwanyang'anya majaji usalama wa kazi zao, na hawakunyamaza mpaka usalama huo uliporudishwa mwaka 1990. Lakini jaji asiyeogopa kufutwa ana manufaa gani kwa mwananchi atakayemfikia siku ambayo meza, sufuria na magodoro yake yameshatupwa kando ya barabara?

Na katika sehemu hii ya nchi jambo la kutolewa nje kwanza na kusikizwa baadaye lina kumbukumbu ndefu. Mwaka 1992, Molo na Njoro, watu walifukuzwa kwenye nyumba na mashamba bila notisi ya aina yoyote, wakaambiwa wapeleke malalamiko yao panapohusika. Mapema mwaka 2008 mambo yakarudi, na mji wa Nakuru wenyewe ukawaka. Hatusemi kwamba mwenye nyumba aliyeshinda kesi kihalali ni sawa na waliochoma nyumba za majirani wao. La hasha. Twasema tu kwamba watu waliopitia hayo wanajua vizuri kuliko mawakili jinsi ilivyo vigumu kurudi mahali ulipokwisha kutolewa.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, kwa maana lawama bila kusoma ni porojo.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, ilitungwa mwaka 1965, Uhuru ukiwa bado mchanga. Ilikusudiwa kumkinga mfanyabiashara mdogo asiondolewe ovyo wala kupandishiwa kodi kwa hasira. Neno duka katika sheria hiyo lina maana pana: hata anayetoa huduma kwa malipo amo, kwa hiyo kinyozi na fundi wa simu wamo. Na hapa pana jambo ambalo wapangaji wengi wa Salgaa hawalijui, nasi twalirudia kila tupatapo nafasi. Aliyepanga kwa mapatano ya mdomo, bila karatasi yoyote, yumo ndani ya ulinzi wa sheria hii. Aliyeandikiana mkataba wa miaka isiyozidi 5 yumo pia. Anayeweza kuachwa nje ni yule mwenye mkataba mrefu uliopigwa mihuri, unaozidi miaka 5 na usio na kipengele cha kuuvunja mapema. Kwa hiyo mama aliyepewa chumba kwa kuambiwa "ingia, tutaelewana" hana sababu ya kuona haya kwa kukosa karatasi.

Mwenye nyumba akitaka kumwondoa mpangaji wa namna hii, hana budi kumpa notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa na sheria, na notisi hiyo haianzi kazi kabla ya miezi 2. Lazima ataje sababu mojawapo kati ya zile zilizokubaliwa: kwamba kodi hailipwi, au nyumba inaharibiwa, au anataka kuibomoa na kuijenga upya, au anataka kuitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1, na nyinginezo. Mpangaji asiyekubali huenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla miezi hiyo haijaisha. Hapo ndipo sheria ya 1965 ilipofanya jambo la busara sana. Kifungu cha 6 chasema kwamba mara mpangaji apelekapo shauri lake Barazani, notisi ile hupoteza nguvu mpaka Baraza liamue. Hahitaji kuomba huruma. Hahitaji kuweka dhamana. Karatasi yake ya malalamiko yenyewe ndiyo ngao.

Watunga sheria wa 1965 walielewa kwamba haina maana kubishana kuhusu haki ya mtu kukaa mahali ambapo tayari ameshatolewa. Walielewa hivyo katika hatua ya kwanza. Katika hatua ya pili wakasahau, au waliona wamefanya ya kutosha.

Kwani Baraza likishaamua, aliyeshinda huchukua nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, akaisajili katika mahakama ya hakimu, na tangu hapo uamuzi huo hutekelezwa kama hukumu ya mahakama hiyo. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini kukata rufaa hakusimamishi kitu. Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010, Agizo la 42, kanuni ya 6, zinalisema hilo waziwazi: rufaa peke yake haizuii utekelezaji. Anayetaka hukumu isimame lazima alete ombi la pekee, na amwonyeshe jaji mambo 3: kwamba atapata hasara kubwa hukumu ikitekelezwa, kwamba hakuchelewa bila sababu, na kwamba yuko tayari kuweka dhamana.

Kwa hiyo mpangaji aliyekuwa na ngao wakati wa notisi tu, wakati hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameamua lolote, anavuliwa ngao hiyo wakati hatari imekaribia zaidi. Siku 30 za rufaa ni zake kwenye karatasi. Kwenye mlango wa duka ni za dalali.

Tuchukue mfano, na msomaji asiende Salgaa kumtafuta mtu huyu, kwani ni wa kufikiria tu. Mama mmoja ana hoteli ya vyumba 2 mkabala na maegesho ya malori. Amekaa hapo miaka 11. Mwenye nyumba anampa notisi, akisema anataka kuijenga upya. Mama anakwenda Barazani, anasema jengo halibomolewi, mwenye nyumba anataka tu kumwingiza mpangaji mwingine aliyeahidi kodi kubwa na gudiwili juu yake. Baraza linamwamini mwenye nyumba. Uamuzi unatolewa Jumanne. Mama hana wakili, alijitetea mwenyewe. Anataka rufaa, lakini rufaa yataka nakala za mwenendo wa shauri, na nakala hizo huchapwa na kuthibitishwa kwa zamu. Ombi la kusimamisha utekelezaji lataka kiapo cha maandishi, laandikwa kwa Kiingereza, na lalipiwa ada. Wakati yeye anatafuta nauli ya kwenda Nakuru na mtu wa kumwandikia, mwenye nyumba, ambaye ana wakili, ameshasajili uamuzi na kuomba hati ya kumtoa. Dalali aja na askari wa kusimamia amani. Kufika jioni, jiko limezimwa.

Miezi kadhaa baadaye jaji anaisikiza rufaa na kusema mama alikuwa na haki. Tuulize kwa utulivu: amrudishie nini? Jengo lile sasa lina mpangaji mwingine, ambaye hakufanya kosa lolote na ambaye ametumia fedha zake kulirekebisha. Au limeshabomolewa, na hakuna hukumu iwezayo kuzisimamisha kuta kutoka kifusini. Madereva waliokuwa wakila kwake wameshazoea kwingine. Dereva wa masafa husimama mahali anapopajua, panapomkopesha, panapomtunzia ujumbe. Biashara ya kando ya barabara haina mali nyingine zaidi ya mahali ilipo. Mwuze mtu huyo sufuria zake zote, hupati robo ya thamani ya kile alichopoteza.

Wako watakaosema: mpe fidia. Jawabu hili lasikika vyema ofisini. Lakini fidia huthibitishwa kwa vitabu vya hesabu, na mama huyu anaandika mikopo ya wateja kwenye daftari la mtoto wa shule. Angeonyesha nini? Na hasara iliyo kubwa zaidi ndiyo isiyo na stakabadhi.

Mahakama zetu hazikulifumbia macho jambo hili, nasi si watu wa kuwanyima majaji sifa wanapostahili. Katika kesi ya Butt, iliyomo katika ripoti za sheria za Kenya za mwaka 1982, nayo ilizuka kutokana na mzozo wa kodi ya nyumba, majaji wa Rufani, Jaji Madan akiwa miongoni mwao, waliweka msingi kwamba uwezo wa kusimamisha hukumu utumike kwa namna isiyoizuia rufaa. Ikiwa hakuna kizuizi kikubwa cha kuzuia, ni vyema hukumu isimamishwe ili rufaa ikifaulu isije ikawa ushindi wa bure. Msingi huo bado hutajwa mahakamani kila wiki. Mwaka 1986, katika kesi ya kampuni ya Kenya Shell dhidi ya Kibiru, mahakama hiyo ikasema hasara kubwa ndiyo jiwe la pembeni la ombi la namna hii. Hayo ni kweli, lakini kesi ile ilihusu fedha, na fedha zikilipwa kimakosa zaweza kurudishwa na aliyezipokea kama ana uwezo. Duka halirudishwi hivyo. Tunaona ni kosa kumpima mpangaji anayetolewa kwa mizani ileile anayopimiwa mdaiwa wa benki.

Baadaye mahakama zimesema pia kwamba utekelezaji wa hukumu wenyewe si hasara kubwa, kwa sababu ni jambo halali. Twalielewa neno hilo. Kila hukumu ikisimamishwa kwa kuwa tu itamwumiza aliyeshindwa, hakuna atakayeshinda kesi nchini. Lakini katika kesi ya mpangaji, utekelezaji unakiondoa kile kile kinachobishaniwa. Hapo kuitenga hasara na utekelezaji ni sawa na kumwambia mtu kwamba kuzama si kitu, tatizo ni maji.

Tusisahau upande wa pili, maana jarida hili halikuanzishwa ili lisifiwe na wapangaji. Si kila mwenye nyumba wa Salgaa ni bwanyenye. Wako wajane ambao kodi ya vyumba 3 ndiyo karo ya watoto wao. Wako walimu wastaafu waliojenga kwa mkopo wa ushirika, na ushirika hukata fedha zake kila mwezi, rufaa iwepo isiwepo. Na wako wapangaji, tena twawajua, ambao hujifunza sheria kwa nia moja tu, ya kukaa bure. Huyo hukata rufaa asiyoiamini, akapata agizo la kusimamisha, kisha akalala. Hafuatilii faili, halipi kodi, na kila siku ya kusikizwa ana barua ya daktari. Mwenye nyumba aweza kumaliza mwaka mzima akishika hukumu mkononi na asipate senti. Dhuluma ya namna hii ndiyo iliyowafanya majaji wengine wawe wazito wa kutoa agizo hilo, hata kwa anayelistahili.

Dawa ya hilo imo tayari katika mazoea ya mahakama zetu, inangoja tu kufanywa kuwa kanuni badala ya hisani. Majaji wengi, wanaposimamisha utekelezaji, humwamuru mpangaji aendelee kulipa kodi ya kila mwezi kwa mwenye nyumba, na malimbikizo yanayobishaniwa yawekwe benki katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili mpaka rufaa iamuliwe. Akikosa kulipa, agizo hufutika. Hili ni jambo la haki. Mwenye nyumba hapotezi kodi yake. Anachongoja ni mlango tu. Mpangaji mkweli hapotezi duka. Anachotoa ni kile ambacho angetoa hata kama kesi isingekuwepo. Anayeumia ni yule wa kukaa bure peke yake, naye astahili kuumia.

Tunalodai sisi, basi, si jipya sana. Twadai busara ya kifungu cha 6 iendelezwe hadi kwenye kifungu cha 15 kinachohusu rufaa. Hati ya kumtoa mpangaji wa duka isitolewe kabla siku 30 za rufaa hazijaisha, maadamu amelipa kodi ya mwezi huo. Akikata rufaa ndani ya siku hizo, asiguswe mpaka jaji asikize ombi lake la kusimamisha, na jaji alisikize mapema, kwa tarehe iliyopangwa siku ileile ya kusajiliwa. Kodi ikipita tarehe bila kulipwa, ulinzi uishe wenyewe bila mwenye nyumba kulazimika kurudi mahakamani kuombaomba. Na fomu ya ombi hilo ipatikane kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, ibara ya 7, yasema Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, na ibara ya 48 yaiamuru Serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki. Mwenye hoteli wa Salgaa akiijaza fomu ya lugha anayoijua, atahitaji wakili kwa mambo mazito tu.

Atakayesema kwamba tunapindua misingi ya sheria, na aitazame Afrika Kusini. Huko kanuni ni kinyume cha hii yetu. Rufaa ikishawasilishwa, hukumu husimama yenyewe, na anayetaka itekelezwe mara moja ndiye anayekwenda kwa jaji kueleza sababu za pekee. Sheria yao ya mahakama za juu ya mwaka 2013 imelithibitisha hilo. Nchi ile haijasambaratika, na wenye nyumba wa Johannesburg bado wanakusanya kodi. Kanuni yetu ya kwamba rufaa haisimamishi kitu tuliirithi kwa Waingereza kupitia sheria ya mwenendo wa madai ya India ya mwaka 1908. Haikuletwa kwa kura yetu. Twaweza kuibadilisha kwa kura.

Wako pia wanaotuambia kwamba maagizo ya mahakama ni karatasi tu, kwamba mwenye nguvu hatayatii. Hatuwezi kulikana hilo. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilikuwa na agizo la Mahakama Kuu la Septemba 2011 la kuzuia kisibomolewe. Kikabomolewa Novemba mwaka huohuo. Wakazi wale hawakuwa wapangaji wa maduka, na ardhi ilidaiwa kuwa ya umma, kwa hiyo kesi yao ni tofauti na hii tunayoizungumzia. Lakini tazama miaka. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2013, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikatoa neno lake tarehe 11 Januari 2021, neno ambalo mawakili wa haki za makazi hulitaja kwa fahari. Zaidi ya jamaa 3,000 walikuwa wameshatawanyika kwa zaidi ya miaka 9. Sheria ya Kenya ilitajirika kwa kesi ile. Mitumba haikujengwa tena.

Kwa hiyo kwamba agizo laweza kuvunjwa si sababu ya kutolitoa. Ni sababu ya kumwadhibu anayelivunja. Dalali hupewa leseni kwa sheria ya mwaka 1996, na leseni yaweza kunyang'anywa. Afisa wa polisi anayesindikiza ubomoaji huku agizo la kuuzuia limewekwa mbele ya macho yake aweza kushtakiwa kwa kuidharau mahakama, yeye binafsi, kwa jina lake. Tungependa kuona hayo yakifanyika mara 2 au 3 tu hapa Nakuru. Habari ingeenea hadi Mau Summit kabla ya jua kutua.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu ya barabara. Upanuzi wa barabara kuu ya kutoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na Salgaa imo njiani. Mahali barabara mpya inapopita, thamani ya ploti hupanda kabla hata ya lami kumwagwa. Si vigumu kutabiri ni sababu ipi kati ya zile za sheria itakayoandikwa kwenye notisi nyingi: kwamba mwenye nyumba anataka kubomoa na kujenga upya. Nyingine zitakuwa za kweli, na mji utafaidika na majengo bora. Nyingine zitakuwa njia ya kumwondoa mpangaji wa kodi ya zamani. Kuzitofautisha ni kazi ya Baraza, na Baraza likikosea ni kazi ya jaji. Lakini katika notisi za namna hii hasa ndipo rufaa isiyosimamisha hukumu inapokuwa mchezo wa kuigiza, kwa kuwa tingatinga likishapita, jaji hana jengo la kuliamulia.

Wabunge wa Bonde la Ufa wanaopenda kusimama Salgaa wakati wa kampeni na kula nyama ya madereva, wasimame pia Bungeni na marekebisho ya kifungu cha 15. Ni sentensi 3 au 4 za sheria. Hazihitaji tume wala kamati ya kuzuru nchi za ng'ambo.

Wakati hayo yakingojwa, twawashauri wapangaji wa Salgaa wafanye yaliyo mikononi mwao. Lipa kodi kwa njia inayoacha alama, iwe ni simu au benki, na ujumbe usifutwe. Mwenye nyumba akikataa kuipokea ili baadaye aseme hukulipa, andika tarehe uliyompelekea na majina ya walioshuhudia, kisha uliarifu Baraza. Notisi ikifika, usingoje mwezi wa pili uishe, kwani ngao ya kifungu cha 6 ni ya anayekwenda kabla ya tarehe iliyotajwa. Na Baraza likiamua dhidi yako, omba nakala ya uamuzi siku hiyohiyo kabla ya kupanda matatu ya kurudi, na ombi la kusimamisha utekelezaji liende pamoja na rufaa, lisingoje dalali abishe hodi. Siku 30 huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, wala si tangu siku ulipoupata mkononi.